Uyoga wa Jumamosi

Tulimzika Baba Bungoma wiki jana, na jana jioni tulikuwa kwa ndugu yangu Wekesa hapa Kawangware kuwashukuru majirani waliotusindikiza. Wekesa akasimama na kikombe cha chai mkononi, tumbo mbele kama mheshimiwa, akaanza kumsifu mzee. Akasema Baba alikuwa mtu wa familia na mtu wa msitu, kwamba hakukuwa na fundi wa mbao Kawangware nzima aliyeujua msitu wa Ngong kama yeye: nyuki wanakaa wapi, ndege yupi hulia kabla ya mvua, uyoga huota wapi. Halafu akamalizia, "Buda alikuwa na macho ya mwewe mpaka ile siku waliweka fensi msituni." Watu wakaitikia, kweli, kweli. Nikamwangalia Mama, naye akainamia kikombe chake akapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. Wekesa hana makosa. Mwaka ule alikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa akipewa chakula anakula, haulizi kimepitia mikono ya nani. Lakini mimi na Mama tunakumbuka macho ya Baba yalikuwaje, na ni mimi peke yangu ninayejua ni kwa nini aliacha msitu. Fensi ilikuja miaka miwili baadaye.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya mimi kumaliza kidato cha nne, wakati nilijiona mtu mzima kwa sababu tu nimevua sketi ya shule. Tulikaa Kisumu Ndogo, Kibera, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua mekundu. Upande wa ndani kitanda cha wazazi, upande wa nje kochi mbili alizozitengeneza Baba mwenyewe, meza, jiko, na godoro letu lililosimamishwa ukutani mchana. Mama aliuza omena, dagaa wakavu wa ziwani, mlangoni, kwa hiyo tulinuka omena sote, nguo, vitabu, mpaka Biblia. Baba alifanya kazi ya fanicha Kawangware, kando ya barabara, na alikwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni, kila siku ya Mungu. Ila Jumamosi hakuwa wa mtu. Jumamosi alivaa gambuti zake nyeusi, akachukua kikapu, akaingia msituni kabla jua halijachomoza, na hakurudi mpaka saa nane. Akirudi alinukia majani mabichi na moshi kidogo, na kwa siku hiyo moja harufu ya omena ilishindwa ndani ya nyumba yetu.

Mvua ikinyesha alileta uyoga. Si ule wa dukani wa kufunikwa na plastiki. Uyoga wa kichuguu, mkubwa kama sahani, wenye mzizi mrefu unaoshuka ndani kwa mchwa. Alijua vichuguu vyake, na hakumwonyesha mtu, hata Mama. Kwetu uyoga ulikuwa na sheria. Aliyeokota ndiye anayeonja wa kwanza, na wengine wote wanangoja, ugali unapoa mbele yao, mpaka aseme karibuni. Hivyo ndivyo alivyofanya babu yake, na hivyo ndivyo angefanya yeye hata akila na rais. Mama aliupika kwa simsim na ile chumvi ya majivu aliyotumiwa kutoka nyumbani, Baba akamega tonge, akachovya, akala, akatulia. Kisha akasema karibuni, na mikono yetu mitano ikagongana sufuriani. Alinifundisha nikiwa mdogo kwamba uyoga wetu hauvai pete. Ukiona wenye pete shingoni, hata uwe mzuri namna gani, huo si wetu, achana nao.

Macho yalianza kumwacha mapema mwaka huo, na sisi tukacheka. Wacha niseme ukweli, tulicheka. Jioni moja aliingia ndani, akanyoosha mkono kwa heshima na kusema, "Pasta, karibu sana," na hapakuwa na pasta, lilikuwa koti la Mama limetundikwa nyuma ya mlango. Wekesa akaanguka chini kwa kicheko. Dada yetu mdogo Nanjala akawa analisalimia koti wiki nzima. Baba naye alicheka, tena sana, akasema hata pasta mwenyewe hapendezi kama lile koti. Kisha nikaanza kuona vitu vingine ambavyo havikuchekesha. Alipima mbao kwa vidole kabla ya kupima kwa futi. Kitanda alichompelekea mteja wa ghorofa za Nyayo Highrise kilirudishwa kwa sababu miguu miwili ilikuwa mifupi, na Baba hakuwa amerudishiwa kazi tangu nizaliwe. Akimtuma Nanjala dukani, alishika sarafu moja moja kwa kidole gumba, polepole, akitazama upande mwingine kama mtu anayewaza mambo makubwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mvua za masika. Baba alileta kikapu, akakiweka mlangoni, akaenda kunawa. Ilikuwa kazi yangu kuosha uyoga, nikaumwaga kwenye karai nikiimba wimbo wa kwaya. Nilikuwa katikati ya ubeti nilipoushika mmoja na kidole changu kikagusa kitu shingoni mwake. Pete. Nyembamba, laini, nyeupe. Nikaugeuza nikadhani ni tope, nikausugua, pete ikabaki pale pale. Niligeuka nikamwona Baba amekaa kwenye kiti, Wekesa na Nanjala wamemlalia magotini kila mmoja upande wake, anawasimulia habari za kima aliyemwibia ndizi, na wote watatu wameshiba furaha kabla hata ya chakula. Nikauficha ule uyoga ndani ya leso, nikaenda chooni kwa jirani, nikautupa. Nilirudi nikaukagua uliobaki mara tatu. Kisha nikala na wengine, na sikuonja ladha ya chochote.

Sikumwambia mtu. Utaniuliza kwa nini, na mimi mwenyewe nimejiuliza miaka yote hii. Niliogopa mambo mawili, na yalinivuta huku na huku kama kamba. Niliogopa atatuua. Si kwa kutaka, ni kwa kutupenda, kwa kikapu chake mwenyewe, na sisi tukimngoja aseme karibuni. Na niliogopa kwamba nikimwambia haoni, nitakuwa nimemnyang'anya Jumamosi, na mtu yule bila Jumamosi sikujua atakuwa nani. Siku sita aliinamia mbao za watu wengine, akipokea maneno ya wateja ambao wangeweza kuwa watoto wake. Ya saba tu ndiyo iliyokuwa yake. Basi nikajiambia, Nafula, wewe una macho mawili mazima, yatumie. Nitaosha uyoga kila Jumamosi, nitatupa wa kutupwa, na hakuna atakayejua. Nilijiona nina akili kweli.

Shida ni kwamba nilikuwa nimepata mahali pa kujifunza kazi ya saluni, Riruta Satellite, na saluni yenyewe hujaa Jumamosi. Kila Jumamosi ikifika saa saba nilianza kuumwa. Mara tumbo, mara kichwa, mara shangazi amefika kutoka ushago, kwetu Bungoma. Mwenye saluni, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi, aliniambia hajawahi kuona familia yenye mashangazi wengi kama yetu. Nilikimbia, nikatokea Kawangware, nikavuka Barabara ya Ngong, nikashuka Kibera, jasho tiriri, nifike kabla Mama hajashika karai. Wakati mwingine nilikuta hakuna uyoga, mvua haikunyesha, na nilikaa chini nikacheka peke yangu. Nilikonda. Mama akaniuliza kama nina mimba. Usiku niliota pete.

Na kuna jambo jingine nililoliona bila kulielewa. Baba alianza kuchelewa kusema karibuni. Zamani alionja, akatulia kidogo, basi. Sasa alionja, akafuta mdomo, akaanza hadithi. Hadithi ya kima ikawa ndefu, ikazaa hadithi ya nyuki, ya nyuki ikazaa ya askari wa msitu aliyeogopa kinyonga. Ugali uliota ngozi. Wekesa alilia njaa, Mama akamwambia, Baba Nafula, watoto wanakufa njaa, naye akasema bado kidogo, haijaisha. Nilidhani ni uzee unamfanya mropokaji. Miaka mingi baadaye, nilipompeleka kliniki na tukaambiwa ni presha ya macho na tumechelewa, nilimuuliza muuguzi pale nje kuhusu uyoga wenye sumu. Akaniambia kuna ule unaokukamata baada ya saa moja, na kuna ule unaokaa kimya tumboni mpaka kesho yake. Ndipo nilipozielewa zile hadithi. Ile nusu saa yote aliyokaa akijisikiliza tumbo huku akituchekesha, haikuwa imemlinda mtu.

Tufike Novemba, mvua za vuli. Jumamosi hiyo palikuwa na bibi harusi saluni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka, nusu ya kichwa imekamilika, nusu imesimama kama ya mtu aliyeona simba. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Nilijua mvua ilinyesha juzi na jana, nilijua vichuguu vimechanua. Tena nilikumbuka kwamba Mama alisema pasta na akina mama wawili wa kanisa watakuja kula kwetu, na moyo ukaniambia atawapikia uyoga, maana ndicho kitu pekee tulichokuwa nacho ambacho mgeni hakipati kwake. Nikaweka chanuo chini. Nikasema naenda chooni. Mwenye saluni akanitazama akasema nikivuka huo mlango nisirudi, wala leo wala kesho, niende nikafanye kazi kwa mashangazi. Nikavuka. Ndara moja ilikatika kabla sijafika Kawangware, nikaiacha hapo hapo, nikaendelea na mguu mmoja peku.

Nilikuta viatu vya wageni mlangoni, vimepangwa. Ndani, sufuria ilikuwa katikati ya meza, mvuke unapanda, harufu ya simsim mpaka nje. Baba alikuwa ameshaonja. Nilijua kwa sababu alikuwa kwenye hadithi, ya askari na kinyonga, na pasta alikuwa akicheka huku jicho lake moja liko kwenye sufuria. Wekesa na Nanjala walikuwa wamenawa, wamekunja mikono, wanangoja. Baba akafika mwisho wa hadithi. Akafungua mikono yake kama alivyofanya siku zote, akasema karibuni. Nanjala akawa wa kwanza kunyoosha mkono, na mimi nikaruka juu ya miguu ya mama mmoja wa kanisa, nikaibeba sufuria kwa mikono mitupu, nikatoka nayo, nikaimwaga kwenye mtaro. Viganja viliungua. Niliporudi ndani kila mtu alikuwa amesimama isipokuwa Baba. Mama akaniuliza nimeingiwa na nini, mbele za mtumishi wa Mungu. Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimedanganya mwaka mzima, nilikuwa hodari. Lakini pumzi zilikuwa zimeniishia, na kilichotoka ni kile kilichokuwa karibu na mdomo.

"Baba haoni," nikasema. "Haoni kabisa. Anatuokotea sumu."

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, majina baada ya majina. Baba aliinamisha uso, akatafuta kitambaa cha kunawia mezani, na mkono wake ukapita kando yake mara mbili, mbele ya wageni wote, kabla ya kukipata. Pasta akakohoa, akasema tuombe, akaomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba. Mama akaenda mlangoni akachota omena kutoka kwa biashara yake, akaikaanga, na wageni wakala omena na ugali baridi wakisifu sana jinsi ilivyo tamu. Mimi sikualikwa wala sikufukuzwa. Nilisimama kando ya jiko nikiwapa chumvi.

Walipoondoka, jua likiwa bado juu ya mabati, nilikwenda nyuma ya nyumba kuosha vyombo. Ukuta wa mabati hausitiri neno. Nilimsikia Mama analia kwa hasira, na Baba akimwambia anyamaze, mtoto hana kosa. Akamwambia kwamba tangu masika hajaleta uyoga nyumbani moja kwa moja. Ile Jumamosi ya kwanza alikuwa ameokota kumi na saba, aliuhesabu kwa vidole, na nilipokwisha kuuosha akauhesabu tena, ukapungua mmoja. Akaelewa kwamba mtu ameona kitu na kukitupa, na kwamba mtu huyo ni mimi, kwa maana mimi ndiye niliyeosha, na sikula vizuri. Tangu hapo kila Jumamosi akitoka msituni alipitia Kawangware kwa mama mmoja wa Kibukusu, muuza mboga, ajuza anayejua uyoga kuliko yeye, naye akamkagulia mmoja mmoja. Hakutaka nijue kwamba anajua. Mama naye akasema hata yeye amekuwa akiukagua, tangu nilipoanza saluni, kwa hofu ya lile koti, kila mara kikapu kilipofika mlangoni, kabla sijarudi kutoka kazini. Leo pia alikuwa ameukagua, mara mbili, kwa sababu ya wageni.

Basi huo ndio uliokuwa uyoga uliokaguliwa kuliko wote Kenya nzima. Watu watatu, kila mmoja kwa siri yake, kila mmoja akimlinda mwenzake asijue. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema, lakini sisi hatukuwa na maradhi ya kufichuliwa kwenye ile sufuria. Ulikuwa uyoga mzima. Nilikuwa nimeumwaga bure, na nilikuwa nimesema yale maneno bure, na maneno hayazolewi mtaroni.

Baba alitoka akija kwa kupapasa ukuta. Sikuwahi kumwona akipapasa ukuta. Kumbe alikuwa akijizuia mbele yetu, na sasa hakuona haja. Akaketi juu ya debe lililopinduliwa. Nilianza kuomba msamaha, akaniuliza kama ni kweli nilikimbia kutoka Satellite. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini mguu mmoja unasikika tofauti na mwingine. Nikamwambia habari ya ndara. Akanyoosha mkono, akaushika unyayo wangu, akaupapasa polepole kwa kidole gumba, kama alivyopapasa mbao, akapata mahali palipochanika, akaniambia nikapake chumvi. Nililia mpaka maji ya vyombo yakapoa.

Nilidhani hapo ndipo mambo yaliishia, na kama yangeishia hapo leo nisingekuwa naandika haya. Wiki nzima mvua ilinyesha. Jumamosi iliyofuata niliamka nikamkuta Baba amevaa gambuti, amekaa kwenye kochi, kikapu magotini, hajaondoka ingawa kumekucha. Alikuwa akiningoja. Mimi nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo alipokuwa na jambo la heshima hakuniita Nafula.

"Mama," akasema, "twende wote leo. Wewe utakuwa macho, mimi nitakuonyesha mahali."

Mahali ambapo hakumwonyesha mtu. Nilielewa vizuri sana alichokuwa akinipa. Na hapo hapo niliona picha ya mimi nikimshika mkono kumvusha Barabara ya Ngong, vijana wa rika langu wakitutazama, na nikaona mbele yangu Jumamosi zote zitakazokuja, uyoga mmoja baada ya mwingine mkononi mwangu, mimi peke yangu, bila ajuza, bila Mama, nikisema huu wetu, huu si wetu, na nyumba nzima ikinitazama nionje. Nilikuwa nimeogopa mwaka mzima. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Nikamwambia, "Baba, leo nina kazi. Jumamosi saluni hujaa."

Akasema sawa, kazi ni kazi, mtu asichezee kazi. Nikavaa, nikachukua mkoba wangu wa saluni wenye chanuo mbili ndani, nikatoka. Nilikwenda mpaka Nyayo Highrise, nikakaa kwenye ukingo wa barabara karibu na lango, nikawatazama watu wanaoingia na kutoka mpaka saa kumi. Niliporudi alikuwa amezisugua zile gambuti mpaka zikang'aa, amezijaza magazeti ndani zisikunjike, amezifunga kwa kamba na kuziweka juu ya kabati. Akasikia hatua zangu, akageuza uso upande wa mlango, akaniuliza kazi ilikuwaje leo. Nikamwambia wateja walikuwa wengi.